Donda lisilouma

Kidonda kinachouma humpeleka mtu kwa mganga upesi. Lakini liko donda lisilouma, nalo ndilo hudanganya. Huanza kama kivimbe chini ya ngozi, mara nyingi mguuni au mkononi. Baadaye ngozi hupasuka, nyama huoza, na mwisho kiungo hupindika. Kijidudu chake ni ndugu wa vijidudu vya ukoma na kifua kikuu. Hutoa sumu inayoua nyama na kuzima maumivu pamoja.

Mwaka 1897 Albert Cook, mganga wa Mengo katika Uganda, alieleza madonda ya namna hiyo. Mwaka 1948 MacCallum na wenzake wa Australia walikitambua kijidudu chenyewe. Kwetu Kongo habari zake ziliandikwa mwaka 1950. Jina la Buruli lilitoka katika nchi iliyo kando ya Nile huko Uganda, walikoonekana wagonjwa wengi. Kule Kinyara, katika miaka ya 1960, ugonjwa uliwapata wakimbizi waliotoka Rwanda.

Dawa ilikawia. Mwaka 1964 waganga wa Uganda waliitumainia klofazimini. Ilipopimwa vema, mwaka 1973, haikusaidia. Kikabaki kisu: kukata nyama iliyooza, hata na nzima iliyo kando yake, kisha kubandika ngozi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri rifampisini ya kumeza pamoja na sindano ya streptomisini, kila siku kwa majuma manane. Lakini sindano hiyo yaweza kuharibu masikio. Majaribio ya Ghana na Benin yakaonyesha kwamba klaritromisini ya kumeza yafaa vilevile; tangu mwaka 2017 imeshika mahali pa sindano.

Kwetu Masisi na Walikale badiliko hilo si dogo. Majuma manane ni siku 56. Mgonjwa atapandaje mlima au kupita matope ya msituni kila siku kutafuta sindano? Na vita ikimfukuza kijijini, sindano hubaki nyuma. Vidonge aweza kuvichukua.

Basi, mama anayemwogesha mtoto na aguse ngozi yake. Akiona kivimbe kisichouma, asingoje kipasuke: ampeleke kwa mwuguzi akipime, kwa maana si kila kivimbe ni ugonjwa huu. Na aliyeanza dawa azimalize siku zote 56, hata donda likianza kufunga.