Lini Gemu Lilianza Kugeuka Tofali?

Nimepotea kidogo humu ndani. Kazi za semina zilitubana, halafu na intaneti ya hosteli mnaijua wenyewe. Leo siongelei bumu wala foleni ya kantini. Leo ni historia, ila siyo ile ya kwenye silabasi.

Wengi mnajua kwetu ni Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye lile tembe alilofikia Stanley mwaka 1871. Ukizaliwa Kwihara unaulizwa habari za Livingstone mpaka unachoka. Sasa likizo iliyopita nikaulizwa swali la aina nyingine, na jamaa mmoja mwenye kibanda cha gemu. Ana PS2 mbili za siku nyingi, zimechubuka, pedi zimefungwa kwa selotepu, na zinapiga kazi tangu asubuhi. Akajichanga, akanunua PS3 ya mtumba, akampelekea fundi mmoja mjini aifungue ili magemu yachezwe toka kwenye hadi diski bila kununua CD. Ikarudi imekufa. Taa inawaka, skrini nyeusi, basi. Fundi akasema ndiyo mambo ya mashine. Jamaa akanigeukia: "Wewe si msomi? Hebu niambie, kwa nini hizi kuukuu hazifi, na ile mpya imekufa bila hata kuanguka?"

Nilijiumauma pale, nikasema nitamletea jibu. Nikarudi chuo nikaanza kusoma, na kwa kweli ni historia tamu kuliko nyingi tunazofundishwa.

Tuanze na zile zisizokufa. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, PS2 ikafuata Machi 2000. PS2 imeuzwa zaidi ya milioni 155, hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyoifikia, na ilitengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013. Ndani yake kuna programu ndogo ya kuiwasha, ile inayoamka kabla ya kitu chochote. Siri iko hapo. Kwenye PS2 programu hiyo imekaa kwenye chipu iliyoandikwa kiwandani na haiandikiki tena. Ni kama maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Fundi akifanya madudu gani kwa upande wa programu, ukizima na kuwasha, lile jiwe bado linasomeka vile vile.

Haina maana kwamba PS2 haziharibiwi. Enzi za "kuchipu" ilibidi fundi afungue mashine na kuchomea nyaya nyembamba kama nywele kwenye bodi. Mkono ukitetemeka, umeunguza. Lakini huko ni kuharibu kwa bunduki ya kuchomea, siyo kwa programu. Baadaye ikaja ujanja wa kuweka programu kwenye memori kadi, ile inayoitwa Free McBoot, na mashine haiguswi hata skrubu moja. Ikigoma, unachomoa kadi. Ndiyo maana PS2 za vibandani zinaishi kama kobe.

Mambo yalianza kubadilika na Xbox ya Microsoft mwaka 2001. Programu yake ya kuiwasha ilikaa kwenye chipu ya aina ya flashi, yaani chipu inayofutika na kuandikwa upya, ila ilifungwa isiandikwe. Mwanafunzi wa udaktari pale MIT, Andrew Huang, wenyewe wanamwita bunnie, alinasa funguo za siri za mashine hiyo mwaka 2002 kwa kusikiliza data zinapopita kati ya chipu na chipu. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima kuhusu kazi hiyo. (Mwanafunzi jamani. Sisi tunahangaika na kurasa kumi na tano za semina.) Watu wakagundua kwamba ukiunganisha nukta fulani kwenye bodi, ile flashi inakubali kuandikwa. Ukiandika vizuri unapata mashine huru. Ukiandika vibaya, au umeme ukikatika katikati, unapata sanduku jeusi zito la kuzuilia mlango.

Hapo ndipo neno tofali linapoingia. Wazungu walianza kusema kifaa kimekuwa tofali kwa sababu kimebaki na uzito tu. Sisi watu wa Tabora tunaojua kufyatua tofali tungewaambia wasilitukane, maana tofali lina kazi.

Kisha ikaja PSP, ile ya mkononi, Desemba 2004 Japani na Machi 2005 Marekani. Hii ndiyo ilifanya kufa kwa programu kuwe jambo la kila siku. Sony walikuwa wakitoa matoleo mapya ya programu ya ndani, kila toleo linaziba tundu ambalo wapenzi wa magemu walilitumia kuweka programu zao. Kwa hiyo watu wakawa wanatafuta njia ya kurudi nyuma, toka toleo la 2.00 kwenda 1.50. Na penye mahitaji hapakosi tapeli. Oktoba 2005 ikasambaa programu iliyojidai inakurudisha nyuma, kumbe ukiifungua inafuta mafaili muhimu ya mfumo. Kampuni ya Symantec iliiita Trojan.PSPBrick. Muda si mrefu kikatokea kirusi cha namna hiyo hiyo kwa Nintendo DS. Aliyepakua hakutaka kuvunja kitu chake, alitaka kucheza tu.

Ila PSP ndiyo pia iliyofufuka, na hii sehemu naipenda. Agosti 2007 kikundi cha wadukuzi kilitoa kitu walichokiita betri ya Pandora. Kumbe kiwandani PSP ilikuwa na mlango wa nyuma wa mafundi: ukiweka betri yenye namba maalumu kwenye chipu yake, mashine haisomi flashi yake iliyoharibika, inaamka kutoka kwenye memori kadi. Kwa hiyo betri ya kawaida ikibadilishwa namba, unafufua maiti. Watu walitoa PSP walizokwisha zitupa kwenye madroo wakaziamsha. Sony wakaja kuufunga mlango huo kwenye bodi za baadaye.

Wakati nasoma hayo nilimkumbuka Speke. Yeye na Burton walifika Kazeh, yaani hapo hapo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Saa zao za kupimia longitudo zilishindwa safari, na hapakuwa na duka la spea. Speke akatumia risasi ya bunduki iliyofungwa kwenye kamba, ikiyumba kama bembea, ahesabu sekunde. Kipimajoto nacho kilimtesa: Ziwa Tanganyika alilipima likawa futi 1,850 toka usawa wa bahari, wakati ukweli ni kama 2,530. Hiyo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko kufa kabisa. Saa iliyokufa unajua imekufa. Kipimajoto kilichoharibika kinaendelea kukupa namba, na wewe unaziandika.

Turudi kwenye reli. Mpaka hapa mtu atasema, dawa ni kutokuchokonoa, kaa na programu ya kampuni, utakuwa salama. Wapi! Mwishoni mwa Septemba 2009 Nintendo walitoa sasisho la Wii, toleo 4.2, lenye lengo la kuwafukuza wadukuzi. Sasisho hilo liliandika upya sehemu nyeti kabisa inayoamsha mashine, na namna ya kuiandika ilikuwa na kasoro. Zikafa na Wii ambazo hazijawahi kuchokonolewa na mtu. Sony nao Juni 2013 walitoa toleo 4.45 la PS3, mashine za baadhi ya watu zikagoma kuwaka, wakaliondoa haraka na kuleta 4.46. Tofauti ni moja tu: kampuni ikikuulia una wa kumlalamikia.

Na PS3 yenyewe ina kisa ambacho mimi kama mtu wa Kwihara siwezi kukipita. Ilipouzwa mara ya kwanza mwaka 2006, ilikuja na ruhusa ya kuweka Linux, kampuni yenyewe ikaitangaza. Watu wakanunua kwa sababu hiyo. Tarehe 1 Aprili 2010 wakatoa toleo 3.21 linaloiondoa ruhusa hiyo. Hutaki, usisasishe, lakini basi huingii mtandaoni kucheza na wenzako. Yaani umelipa, halafu njia inafungwa.

Sasa sikieni. Mwaka 1871, kwa maelezo ya Stanley, msafara wa kwenda Ujiji ulifika kwa Mtemi Mirambo akadai hongo: mapipa matano ya baruti, bunduki tano, marobota matano ya nguo. Wakalipa. Baada ya kupokea akawaambia hakuna kupita, rudini mlikotoka. Waarabu wa Unyanyembe wakaenda vitani Agosti mwaka huo, Stanley akiwa nao, wakapigwa vibaya, Mirambo akaja mpaka Tabora akaichoma, na Stanley akiwa Kwihara akauona moshi na kuimarisha tembe ajilinde. Mwishowe Septemba akaondoka kwa kuzunguka kusini, njia ndefu, ndipo akamfikia Livingstone Ujiji.

Msinielewe vibaya, Mirambo kwangu si jambazi. Ile ilikuwa nchi yake, wafanyabiashara walikuwa wanapita kama mali yao, na wengine walikuwa wanauza watu. Alikuwa na sababu ambazo kampuni ya magemu haina. Ninachofananisha ni kile wasafiri walichofanya baada ya njia kufungwa. Wakazunguka.

Wa PS3 nao walizunguka. Desemba 2010 kikundi cha fail0verflow kilionyesha mkutanoni Berlin kwamba hesabu za siri za Sony zilikuwa na kosa la kitoto: namba iliyotakiwa ibadilike kila mara ilikuwa haibadiliki. Januari 2011 kijana wa Kimarekani George Hotz akatangaza ufunguo mkuu. Sony wakamshitaki tarehe 11 Januari, wakapatana mwezi Machi. Halafu Novemba 2017 ikatoka njia ya kuandika flashi ya PS3 kupitia brauza tu, bila kufungua mashine.

Hapa ndipo ilipolala maiti ya jamaa yangu. Njia ile ya brauza inafaa PS3 zile nene na sehemu ya zile nyembamba, mpaka baadhi ya modeli zinazoanza na 25. Modeli zinazoanza na 30, na zile ndogo za mwisho zinazoanza na 4, hazikubali. Ukiandika flashi yake kwa njia hiyo, mashine haiamki tena. Waliotengeneza walionya, wakatoa na kifaa cha kukagua kwanza. Kwa hizo modeli ilikuja njia nyingine mwaka 2019, inaitwa HEN, ambayo haigusi ile sehemu ya kuamshia. Unaiwasha upya kila ukiwasha mashine. Jamaa alinitumia picha ya kibandiko cha nyuma. Inaanza na 30.

Kwa hiyo siyo mkosi wala siyo umeme. Fundi hakusoma kibandiko. Nasema hivi bila kumdharau, maana maelezo yote yako kwa Kiingereza cha kitaalamu, yeye kajifunza kwa kuangalia mwenzake, na elfu thelathini ya kazi ile ndiyo chakula cha nyumbani. Lakini hasara yote kaibeba mwenye kibanda, na ile PS3 ilikuwa ndiyo ada ya mdogo wake muhula huu. Hakuna risiti, hakuna garantii, na kwenda kulalamika utaanzia wapi wakati kazi yenyewe ilikuwa ya kukwepa kununua magemu?

Ujanja wa uharamia una hatari nyingine, kwamba na maharamia wanaibiana. Januari 2014 waliokuwa wanauza kadi ya Gateway ya kuchezea magemu ya bure kwenye Nintendo 3DS waliweka mtego kwenye programu yao ili kuwakomesha wanaoiga kadi yao. Mtego ukazifunga mashine za wateja. Wengine walidai wana kadi halali (halali ya haramu, sijui tuiiteje) na bado zikafungwa.

Wasiocheza gemu msijione mko nje. Simu zenu ni zile zile. Kila mtaa una fundi wa kuflashi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA walizima simu feki nchi nzima, na Kenya walishafanya hivyo tangu 30 Septemba 2012. Kubadilisha namba ya utambulisho wa simu kunakatazwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hiyo akikwambia fundi "hiyo nakugeuzia dakika mbili", ujue mnajiingiza wawili.

Na mwaka 2025 Nintendo wamekwenda mbele zaidi. Mwezi Mei walibadilisha masharti yao, wakaandika kwamba ukiichokonoa mashine wanaweza kuifanya isitumike kabisa, moja kwa moja. Switch 2 ilipotoka Juni, waliotumia kadi za kunakilia magemu wakaanza kufungiwa huduma za mtandaoni. Zamani tofali lilikuwa ajali. Sasa limeandikwa kwenye mkataba.

Yule jamaa nimeshamtumia jibu, kwa meseji ndefu mpaka kakata tamaa kusoma. Kuifufua inawezekana: kuna kifaa cha kuunganisha kwenye bodi na kuandika flashi kwa nje, lakini ni salama zaidi ukiwa na nakala ya flashi ya mashine ile ile, iliyochukuliwa kabla haijafa, maana kila PS3 ina funguo zake. Nimemwambia amuulize fundi kama aliihifadhi. Hajajibu.

Mwenye anayejua fundi wa kazi hiyo Tabora, au hata Mwanza, aache ujumbe hapo chini.