Gita la Mkebe

Ushairi wa Watuareg, watu wa Sahara waliogawanywa na mipaka ya Mali, Niger, Aljeria na Libya, ulikuwa na vyombo vyake tangu kale. Imzad, zeze la uzi mmoja, lilipigwa na wanawake peke yao. Tende, ngoma iwambwayo ngozi juu ya kinu cha kutwangia, nayo ilikuwa ya wanawake. Gita halikuwamo, na lilipoingia halikuletwa na starehe.

Mwaka 1963, miaka mitatu baada ya Mali kupata uhuru, Watuareg wa milima ya Adagh, upande wa Kidal, waliasi. Jeshi liliwazima kwa ukatili, watu wakauawa na mifugo pia. Miongoni mwa waliouawa alikuwa baba yake Ibrahim Ag Alhabib, mtoto wa Tessalit ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Mtoto huyo akakulia ukimbizini Aljeria. Baada ya kumwona mpiga gita katika filamu ya wachunga ng'ombe wa Kimarekani, alijitengenezea la kwake kwa mkebe, kijiti na waya wa breki ya baiskeli.

Ukame wa miaka ya 1970 ukamaliza mifugo iliyosalia. Vijana wakatawanyika mijini, Tamanrasset na kwingineko, kutafuta vibarua. Wakaitwa ishumar, neno lililochotwa katika Kifaransa kwa maana ya mtu asiye na kazi. Tusi hilo wakalivaa kama kilemba. Walichokiimba kinaitwa assouf, neno linalomtaabisha kila mfasiri: ni upweke, ni hamu ya kwao, na ni giza la nyika lililo nje ya mwanga wa moto. Kiswahili kina ukiwa na kina majonzi, lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalobeba jangwa ndani yake.

Mwaka 1980 Gaddafi aliwaita vijana hao katika kambi za kijeshi za Libya, naye alikuwa na makusudi yake. Kambini gita na bunduki vililala hema moja. Kundi la Ibrahim na wenzake, Inteyeden Ag Ablil miongoni mwao, likajulikana kwa jina la Tinariwen, yaani majangwa. Hawakuwa na studio. Mtu alileta kaseti tupu, wao wakamwimbia, naye akaondoka nayo. Kaseti hiyo ilinakiliwa kwa nyingine, na hiyo kwa nyingine tena, hata sauti ikachakaa, ikavuka mipaka mifukoni mwa wasafiri. Watu waliotapakaa katika nchi nne wakawa wanasikia mashairi yale yale, na mashairi hayo yalihimiza umoja na uasi.

Juni 1990 vita vikaanza, na waimbaji kadhaa walipigana. Mkataba wa mwaka 1992 haukutuliza mambo mara moja. Machi 1996 ndipo silaha zipatazo 3,000 zilipochomwa moto hadharani mjini Timbuktu. Ibrahim na wenzake walikuwa wamekwisha kurudi kwenye nyuzi. Mwaka 2001 albamu yao iliyorekodiwa Kidal ikawafikisha Ulaya, ambako wengi walicheza bila kuelewa neno lolote. Sifa hizo zilikuwa za haki, lakini zilisifu mdundo zaidi kuliko shairi.

Februari 2012 albamu ya Tassili ilipata tuzo ya Grammy. Mwezi uliotangulia uasi mpya ulikuwa umezuka kaskazini mwa Mali, na muda si muda makundi yenye silaha yaliyojinasibisha na dini yakaushika upande huo, yakapiga marufuku muziki. Kiongozi wa kundi mojawapo, Ansar Dine, alikuwa Iyad Ag Ghali, yule yule aliyekuwa karibu na waimbaji hao katika kambi za Libya na aliyeongoza uasi wa 1990. Hakuwa mgeni asiyejua nguvu ya wimbo; aliijua kuliko wengi.

Mapema mwaka 2013 mpiga gita wa Tinariwen, Abdallah Ag Lamida, alikamatwa na wapiganaji hao alipokuwa akijaribu kuokoa magita yake, kisha akaachiliwa. Albamu iliyofuata, Emmaar, ya mwaka 2014, haikurekodiwa kwao. Waliirekodi Joshua Tree, katika jangwa la California.