Sauti ya Mtumishi: Hattie McDaniel katika Sinema, Redio na Televisheni ya Marekani

Katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, mhusika mdogo aghalabu hungojeshwa mpaka mhusika mkuu amalizwe kuchambuliwa. Historia ya sinema nayo ina desturi iyo hiyo. Nyota hukumbukwa kwa majina yao. Waigizaji wa wahusika wasaidizi hukumbukwa kwa sura, na pengine kwa sauti tu. Hattie McDaniel (1893–1952) ni miongoni mwa wachache waliouvuka mpaka huo. Yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar. Wakati huo huo, ni miongoni mwa waigizaji walioshutumiwa vikali na watu wa rangi yake, kwa kuwa karibu maisha yake yote katika sinema aliigiza mtumishi katika nyumba za wazungu. Mjadala huo, tangu enzi yake hadi leo, umeegemea zaidi upande wa sura: kitambaa cha kichwani, aproni, unene wa mwili. Makala haya yanauelekea upande wa lugha. Yanauliza ni maneno ya namna gani yaliyotiwa kinywani mwake, na yeye mwenyewe aliyafanya nini.

McDaniel alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, akiwa kitinda mimba wa watoto 13. Baba yake, Henry McDaniel, alizaliwa mtumwa, kisha akawa askari wa majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Familia ilihamia Colorado, na binti huyo akakulia Denver. Suala la makazi si dogo kwa mtaalamu wa lugha. Colorado i mbali na majimbo ya Kusini, na usemi wa mashamba ya pamba haukuwa usemi wa mtaa na shule alimokulia. Mwaka 1910, akiwa mwanafunzi, alipewa medali katika mashindano ya kughani mjini Denver. Baadaye alisafiri na vikundi vya maonyesho, akatunga na kuimba nyimbo za blues, na kati ya 1926 na 1929 akarekodi baadhi yake katika santuri. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, alijikuta Milwaukee akitumikia katika msala wa wanawake wa kilabu kimoja cha usiku, mpaka siku alipopewa nafasi ya kuimba jukwaani. Mwaka 1931 alihamia Los Angeles. Huko alisikika redioni, lakini malipo yalikuwa haba mno hata ikambidi aendelee kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Alipoanza kuigiza mtumishi mwaka 1932, basi, kazi hiyo aliijua kwa mikono yake. Asichokuwa nacho ni ile lugha ambayo Hollywood ilimtaka aiseme.

Lugha hiyo yahitaji kuelezwa. Tangu miaka ya 1830, wazungu waliojipaka masizi usoni walikuwa wakipanda majukwaani Marekani na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Usemi waliouunda ulichota baadhi ya sifa kutoka katika mazungumzo halisi ya watumwa, ukazitia chumvi, ukazirudiarudia, na mwishowe ukawa lahaja ya jukwaani isiyokuwa na jamii. Waandishi wa riwaya waliichukua, na waandishi wa sinema wakairithi. Margaret Mitchell, katika riwaya yake Gone with the Wind ya mwaka 1936, anafuata desturi hiyo. Maneno ya watumwa huandikwa kwa tahajia iliyovunjwavunjwa, ilhali ya mabwana wao huandikwa kwa tahajia sanifu, ijapokuwa wazungu wa Georgia nao wana matamshi yao ya kimahali yaliyo mbali na usanifu. Hapo tahajia haikusudiwi kunukuu sauti. Kazi yake ni kumwambia msomaji nani ni bwana na nani ni mtwana.

Katika mfumo kama huo, mwigizaji ana uhuru gani? Miswada haikuandikwa naye, wala hakuwa na uwezo wa kuibadili. Kilichobaki mikononi mwake ni yale yasiyoandikwa: kiimbo, kasi, kituo, mguno, na kimya. Ustadi wa McDaniel ulianzia hapo. Katika Judge Priest (1934), filamu ya John Ford, anaonekana akizifanya kazi zake huku akiimba, na maisha yake ya nyumbani yanageuzwa wimbo palepale. Ni mbinu ya mwimbaji wa blues iliyoingizwa jikoni. Katika Alice Adams (1935), ya George Stevens, yeye ni Malena, mtumishi aliyekodiwa kwa jioni moja na familia isiyojiweza inayotaka kumhadaa mgeni kuwa ni ya kitajiri. Joto ni kali, vyakula vinavyoandaliwa ni vya moto, kofia yake ya utumishi inamteleza kichwani, naye anatafuna ubani polepole. Maneno yake ni machache. Hata hivyo, kila anapoingia na sahani, uongo wa wenye nyumba unazidi kufichuka. Mswada ulimkusudia awe kichekesho; kimya chake kinawafanya waajiri ndio wachekwe.

Mwaka 1936 alikuwa Queenie katika Show Boat, filamu ya James Whale, pamoja na Paul Robeson. Wawili hao wanaimba wimbo wa majibizano ya mke na mume uliotungwa mahususi kwa ajili ya filamu hiyo. Maneno ya wimbo ni ya ile lahaja ya jukwaani, na mume anasawiriwa kuwa mvivu. Hata hivyo, waimbaji wanayatamka kwa utani wa wenzi waliozoeana, wenye ndoa yao na nyumba yao. Hili lilikuwa jambo adimu katika zama ambazo mtumishi mweusi wa sinema hakuwa na kwao. Hukadiriwa kwamba McDaniel alionekana katika filamu zipatazo 300, lakini jina lake liliandikwa katika 80 na kitu tu. Katika nyingi alipita kama kivuli, akiwa na sentensi mbili au tatu.

Kilele cha kazi yake ni filamu ya Gone with the Wind, iliyotolewa mwaka 1939 na David O. Selznick. Humo McDaniel ni Mammy, mlezi ambaye hata jina lake halisi halitajwi. Shirika la Selznick lilimwajiri Susan Myrick, mwandishi wa gazeti kutoka Georgia, awafunze waigizaji matamshi ya Kusini. Vivien Leigh, mzaliwa wa India mwenye Kiingereza cha Uingereza, na Hattie McDaniel, mwana wa Colorado, walikuwa wanafunzi wa lugha hiyo kwa pamoja. Mmoja alijifunza kusema kama bibi, mwingine kama mtumwa. Baada ya malalamiko ya watu weusi, Selznick alikubali kuliondoa katika mswada lile tusi kuu la rangi. Ushindi huo ulihusu neno moja, na neno hilo halikuwa dogo.

Mammy wa McDaniel hutawala kwa sauti. Anapomfunga Scarlett kamba za vazi la kubana kiuno na kumlazimisha kula kabla ya karamu, yeye ndiye mwenye kauli, na binti wa bwana ndiye mtii. Baadaye, binti mdogo wa Rhett Butler amekufa, Mammy anapanda ngazi pamoja na Melanie akimsimulia msiba ulivyoigawa nyumba. Maneno ni ya lahaja ile ile. Lakini sauti inashuka, inakatika, inajikaza tena. Ni usimulizi wa mfiwa, na hakuna awezaye kuucheka. Hapo mwigizaji alithibitisha kwamba lugha iliyoundwa kwa ajili ya mzaha yaweza kubebeshwa huzuni kamili. Huu ndio mchango wake mkubwa katika sanaa ya uigizaji, na yafaa utajwe hivyo, bila ya kuitetea filamu yenyewe inayoupamba utumwa.

Malipo ya mafanikio hayo yalikuwa machungu. Filamu ilipozinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, waigizaji weusi hawakuhudhuria, kwani sheria za ubaguzi zilitawala mji huo. Tarehe 29 Februari 1940 McDaniel alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akimshinda hata Olivia de Havilland wa filamu hiyo hiyo. Sherehe ilifanyika katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, naye aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake. Miaka 51 ilipita kabla ya mwanamke mweusi mwingine, Whoopi Goldberg, kupata tuzo ya uigizaji.

Mwaka 1942 alipata nafasi ya namna nyingine katika In This Our Life, filamu ya John Huston. Kama Minerva Clay, bado ni mtumishi, lakini ana mwana anayetaka kuwa mwanasheria, na mwana huyo anasingiziwa kosa la kumgonga mtu kwa gari lililotendwa na binti wa kizungu. Mama anaeleza kwamba kijana alikuwa nyumbani naye, na kwamba neno lake halitasadikiwa mbele ya neno la mzungu. Ni mazungumzo mafupi yasiyo na mzaha, na kiini chake ni thamani ya usemi: ni nani anaposema huaminiwa.

Mwaka huo huo Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP, aliwaendea wenye kampuni za sinema kuwataka waache kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na vichekesho tu. Madai yake yalikuwa ya haki. Waigizaji wakongwe, hata hivyo, waliona kwamba riziki yao inashambuliwa na mtu asiyeijua kazi yao. Jibu linalonasibishwa na McDaniel ni kwamba afadhali aigize mtumishi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola 7. Hoja ya tumbo haipingiki kwa urahisi, lakini haimalizi shauri. Yeye mwenyewe alionyesha kwa vitendo kwamba hakuridhika nayo.

Ushahidi umo katika Beulah. Mhusika huyo, mtumishi mweusi wa kike, alisikika redioni kwanza mwaka 1939 kwa sauti ya mwanamume wa kizungu, Marlin Hurt, na baada ya kifo chake mwaka 1946 akarithiwa na mwanamume mwingine wa kizungu. Hapo ile lahaja ya jukwaani ilikuwa imefikia ukomo wake: hata mwili mweusi haukuhitajika tena. Tarehe 24 Novemba 1947 McDaniel aliichukua nafasi hiyo katika shirika la CBS, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa kiongozi wa mchezo wake katika redio ya taifa zima. Katika mapatano yake alishikilia kwamba hatasema kwa lahaja, na kwamba ataweza kudai maneno yasiyomridhisha yabadilishwe. Beulah alipohamia televisheni mwaka 1950, aliigizwa kwanza na Ethel Waters. McDaniel alirekodi vipindi vichache mwaka 1951, kisha maradhi ya saratani yakamzuia. Louise Beavers akashika mahali pake.

Je, Beulah mwenye Kiingereza sanifu alikuwa huru? La. Aliendelea kuwapikia wazungu na kuwatatulia matatizo yao ya nyumbani, na NAACP iliulaumu mchezo huo hata katika televisheni. Kumbadilishia mhusika lugha si kumbadilishia nafasi yake katika jamii. Lakini haifuati kwamba mabadiliko hayo yalikuwa bure. Mwanamke aliyeanza kwa kutamka lugha aliyobuniwa na wenye kumcheka alimalizia kwa kuweka masharti ya maneno atakayotamka. Wahakiki waliotazama aproni peke yake hawakuliona jambo hilo, kwa sababu aproni haikubadilika.

McDaniel alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Alitamani azikwe katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa kwa sababu ya rangi. Mnara wa kumkumbuka ulijengwa hapo mwaka 1999. Tuzo yake, aliyoiachia Chuo Kikuu cha Howard, ilipotea, na mwaka 2023 chuo hicho kilikabidhiwa nyingine badala yake. Mnara na tuzo huweza kurudishwa na walio hai. Zile filamu zaidi ya 200 ambazo hazikumtaja jina hazina wa kuzirekebisha, isipokuwa msikilizaji atakayeitambua sauti.