Kilembwe wa Farasi wa Halab

Kila tukirudi Maskati kutoka mashindano ya farasi ya Al Rahba, kule Barka, nasikia barazani maneno yale yale: farasi wa mbio wa Waingereza asili yao ni kwetu. Yana ukweli wake, lakini tuyapange kama tunavyopanga nasaba.

Mwaka 1704 Mwingereza Thomas Darley alinunua farasi dume wa Kiarabu mjini Halab, nchi ya Sham, akampeleka kwao Yorkshire. Halab, si Oman. Mjukuu wa farasi yule ni Squirt, kitukuu Marske, na kilembwe ndiye Eclipse, aliyezaliwa 1764 siku jua lilipopatwa. Jina lake ndiyo maana yake.

Alizaliwa zizini kwa mwana wa mfalme, Duke wa Cumberland. Bwana huyo alipofariki mwaka uliofuata, farasi akanunuliwa na William Wildman, mfanya biashara ya kondoo. Hakushindanishwa mpaka 1769, kule Epsom. Baada ya mzunguko wa kwanza Dennis O'Kelly akaweka dau (nami kamari siisifu) kwamba atataja namna farasi watakavyofika: Eclipse wa kwanza, waliobaki hawamo. Kwa kanuni za siku zile, aliyeachwa nyuma yadi 240 hakuhesabiwa. Ikawa vivyo hivyo, na baadaye O'Kelly akamnunua. Eclipse alishinda mara 18, hakushindwa hata moja. Nyengine alipita peke yake, kwani wenye farasi waliogopa kuwatoa wao. Alikufa 1789. Leo zaidi ya 9 katika kila farasi 10 wa jamii hiyo wanafika kwake kwa upande wa baba.

Haya yanajulikana kwa kuwa Waingereza walianza 1791 kuchapa kitabu cha nasaba za farasi. Na sisi tuliotoka Unguja 1964 tukaacha karatasi nyuma, wangapi wanaweza kumtaja babu wa nne?

Farasi wa Sayyid Said bin Sultan walikwenda kwengine. Madume wawili walipakiwa katika merikebu Sultanah, aliyosafiri nayo Ahmad bin Naaman, wakafika New York Aprili 1840, zawadi kwa Rais Van Buren. Katiba ya Marekani haikumruhusu kuipokea. Baraza lao la Congress likakata shauri: farasi wakanadiwa, fedha zikaingia hazina ya serikali.