Jinsi Spika Zilivyomzunguka Mtazamaji

Seti za sinema ya nyumbani zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi huja na spika tano ndogo na sabufa moja. Tatu za mbele hazina utata, kwani zinakaa na televisheni. Zinazotoa watu jasho ni mbili zilizobaki. Huyu atazipachika juu ya kabati, yule atazirundika pamoja upande mmoja kwa kuwa waya ni mfupi. Anayeomba ushauri ndiye huchanganyikiwa zaidi: mmoja atamwambia aziweke juu, mwingine usawa wa masikio, huyu atasema ubavuni, yule nyuma. Ajabu ni kwamba wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa enzi yake.

Mwaka 1931 sinema zenye sauti zilikuwa bado changa. Alan Blumlein, mhandisi wa miaka 28 katika kampuni ya EMI huko Uingereza, inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mchumba wake akatoka na kero: mwigizaji anavuka pazia kutoka kushoto kwenda kulia, lakini sauti yake imeganda palepale. Desemba mwaka huo aliwasilisha ombi la hataza iliyoeleza jinsi ya kunasa sauti kwa maikrofoni mbili na kuitoa kwa spika mbili, ili sikio lijue msemaji yuko wapi. Mwaka 1935 alipiga filamu fupi za majaribio, watu wakitembea jukwaani huku wakizungumza, na sauti ikawafuata. Hakuishi kuona matunda yake. Juni 1942 alikufa katika ajali ya ndege ya kivita iliyokuwa ikijaribu rada. Hata hivyo, fikra zake zote zilikuwa zimeelekea mbele, kwenye pazia. Kuta za ukumbi hakuzigusa.

Aliyezigusa ni Walt Disney. Kwa ajili ya filamu ya Fantasia, sehemu kubwa ya muziki ilirekodiwa Philadelphia chini ya kondakta Leopold Stokowski, na mafundi wa Disney wakiongozwa na William Garity wakabuni mtambo walioupa jina la Fantasound. Mkanda wa pili uliendeshwa sambamba na ule wa picha, ukiwa na mikondo mitatu ya sauti na wa nne uliobeba ishara za kupandisha na kushusha sauti hizo. Filamu ilizinduliwa Novemba 13, 1940, katika ukumbi wa Broadway Theatre, New York, na spika ziliwekwa nyuma ya pazia na kwenye kuta pia. Lakini mtambo ulikuwa ghali kupita kiasi, na viwanda vya redio vilikuwa vikigeukia mahitaji ya vita. Ni kumbi chache tu zilizowahi kuufunga.

Sauti ya pembeni ilirudi pale televisheni ilipoanza kuwabakiza watu nyumbani. Septemba 30, 1952, katika ukumbi uleule wa Broadway, Cinerama ilionyesha filamu yake ya kwanza ikiwa na mikondo saba ya sauti, mitano kati yake ikitokea nyuma ya pazia. Mwaka uliofuata filamu ya The Robe ilileta CinemaScope yenye mikondo minne, mitatu ya mbele na mmoja wa spika za ukutani.

Mkondo huo wa nne ulikuwa na kasoro. Utepe wake wa sumaku ulikuwa mwembamba kuliko ile mingine, kwa hiyo ulitoa sauti pamoja na mvumo usiokatika. Kama spika za ukutani zingeachwa wazi muda wote, watu wangesikia "shhh" kuanzia mwanzo hadi mwisho wa filamu. Dawa iliyopatikana ni kurekodi mlio wa hezi 12,000 kwenye mkondo huohuo. Mlio ukiwepo, swichi inafungua spika. Ukikoma, spika zinazimwa. Hivyo spika za ukutani zikawa kama mpiga tarumbeta anayekaa nje ya ukumbi akingoja kuitwa. Zilisikika mara chache, na kila ziliposikika zilishtua. Mtazamaji aligeuza shingo kutafuta sauti imetoka wapi, na macho yake yakaishia kwenye taa ya mlango wa kutokea. Waongozaji wa filamu wakajifunza kuziogopa.

Miaka ya 1970 kampuni za muziki zilijaribu njia nyingine nyumbani, spika nne katika pembe nne za chumba. Mifumo ilikuwa mingi na haikupatana. Santuri ya mfumo mmoja haikuweza kuchezwa ipasavyo kwenye mtambo wa mwingine. Kulikuwa pia na tatizo la masikio yenyewe. Spika mbili zilizo mbele yako zinaweza kuumba sauti katikati yao, lakini moja ikiwa mbele na nyingine nyuma, ile ya katikati haitulii ubavuni. Kabla ya muongo kwisha, biashara hiyo ilikuwa imekufa.

Suluhisho lilitoka kwa kampuni ya Ray Dolby, iliyoanzishwa London mwaka 1965. Dolby Stereo ilikunja mikondo minne ndani ya miwili na kuikunjua tena ukumbini, na Star Wars ya mwaka 1977 ikaitangaza duniani. Lakini mikunjo hiyo haikutenganisha sauti kikamilifu. Maneno ya waigizaji yalivujia ukutani. Hapo mafundi walitegemea jambo ambalo Mjerumani Helmut Haas alilichunguza mwaka 1949: sauti moja ikifika kutoka pande mbili kwa kupishana kidogo, sikio huamini imetoka kule ilikotangulia. Basi sauti ya ukutani ikacheleweshwa makusudi, na yaliyovuja yakasikika kana kwamba yametoka kwenye pazia. Pia ilipunguzwa makali yake, isivuke takriban hezi 7,000. Kazi ya spika za ukutani ikabadilika. Zikaacha kushtua, zikaanza kuleta hewa ya mahali: mvua, msitu, mwangwi wa pango.

Mfumo huo ulipoingia majumbani mwaka 1982, uliingia na desturi hiyo. Spika ndogo za bei nafuu zilitosha, na zilipandishwa sentimita 60 hadi 90 juu ya kichwa cha aliyeketi ili zisijulikane zilipo. Ukumbi wa sinema una safu ya spika kila ukuta, sebule ina moja tu. Ndiyo maana mfumo wa THX wa nyumbani ulipendekeza spika zinazotoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, zikikaa ubavuni kabisa, ili sauti igonge kuta kwanza kabla ya kumfikia msikilizaji.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakigeuka upande wa sinema. Katika Apocalypse Now ya mwaka 1979, Walter Murch aliigawa sauti ya nyuma kuwa ya kushoto na ya kulia, na helikopta ikauzunguka ukumbi. Mwaka 1987 Tomlinson Holman aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la 5.1. Sauti ya dijitali ya Dolby ilifuata na Batman Returns mwaka 1992, kisha diski za DVD kuanzia mwaka 1996. Sasa mikondo ya nyuma ilikuwa kamili, haivujishi wala haijapunguzwa makali. Spika ya kutawanya sauti ikaanza kuwa kikwazo, kwa kuwa helikopta inataka kujulikana iliko. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano la mwaka 1992 liliweka spika za nyuma kati ya digrii 100 na 120 kutoka usawa wa mbele. Maana yake, ukiketi ukitazama televisheni na kunyoosha mikono sawasawa kushoto na kulia, spika zikae nyuma kidogo ya viganja vyako. Anayeegemeza kochi ukutani asizibandike nyuma ya kichwa, bali azilete ubavuni.

Somo la Haas bado linafanya kazi. Sauti huenda kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Spika ya mbele ikiwa mita 3 kutoka kwako na ya nyuma mita 1.5, ya nyuma itakuwahi kwa zaidi ya milisekunde 4. Ndiyo sababu mtambo hukuuliza umbali wa kila spika, na jibu la kubahatisha huharibu kazi yote.

Mwaka 2012 filamu ya Brave ilikuja na Dolby Atmos, na spika zikapanda darini. Mfumo huo ulipofika nyumbani, zile za ukutani zililazimika kushuka hadi usawa wa masikio, la sivyo tofauti ya juu na chini ingepotea. Anayekushauri uzipandishe anazungumzia enzi ya mikondo iliyovuja, na anayekwambia uzishushe anazungumzia enzi ya dari. Kabla ya kutoboa ukuta, angalia kwanza mtambo wako ni wa enzi ipi.