Mtoto mdogo mwenye ADHD: Tumpe dawa au tusubiri?

Siku niliyokubali kwamba tuna tatizo ni siku mwanangu aliponiponyoka mkono kwenye feri ya Likoni. Alikuwa na miaka minne na nusu, tunatoka chuoni. Feri haijafika gatini, watu wamesongamana, naye akapenya katikati ya miguu ya watu mbio mpaka ukingoni. Mzee mmoja wa mkokoteni alimdaka kwa ukosi wa kanzu. Mimi nilimpiga kofi mbele ya watu, kisha nikalia njia nzima hadi nyumbani.

Naandika haya kwa mzazi aliye pale nilipokuwa. Mimi si daktari. Lakini nimeupitia uamuzi huu kwa karibu miaka miwili, nimesoma, nimeuliza, na nimekosea mara kadhaa. Huenda nilichojifunza kikakupunguzia usiku mmoja au miwili ya kukesha.

ADHD ni nini, na si nini

Kila mtoto wa miaka minne ana mapepe. Mtoto mwenye ADHD ana mapepe yasiyolingana na umri wake. Hawezi kutulia, hawezi kungoja zamu, hasikilizi hadi mwisho, hutenda kabla ya kufikiri, au yote kwa pamoja. Ili daktari aseme ni ADHD, dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, mathalan nyumbani na skuli, na ziwe zinamharibia mtoto maisha yake. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, kwingine kote ametulia, bado hajafikia hapo. Duniani hukadiriwa kwamba watoto kama 5 katika kila 100 wana hali hii.

Si adabu mbaya, na haikuletwa na mama mzembe. Mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, baba yake alikuwa hivi hivi, na leo ana kazi yake." Nilipomweleza daktari maneno hayo alitabasamu. ADHD ni miongoni mwa hali zinazorithiwa sana katika familia.

Mama mkwe huyo huyo alimletea mtoto kombe kutoka kwa maalim. Sikumkataza. Dua haigombani na dawa. Nilichokataa ni mizizi ya kunywa ambayo aliyeileta hakuweza kunitajia jina lake. Kama mtoto wako anakunywa kitu chochote cha aina hiyo, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

Kwanza hakikisha si kitu kingine

Kabla ya kuzungumza habari ya dawa, daktari alitutuma kupima masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mtundu. Akauliza kama anakoroma usiku, kwa sababu mtoto mwenye nyama za pua zinazoziba pumzi halali vizuri, na mtoto asiyelala haambiliki mchana. Akapima damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao huvuruga umakini. Akauliza kama kuna nyakati mtoto anakodoa macho sekunde chache bila kuitika, kwani kuna kifafa cha namna hiyo, hakina kuanguka wala povu.

Kwetu pwani kuna swali jingine la lazima: amewahi kulazwa kwa malaria kali? Watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi wameonyesha kwamba malaria ya ubongo huwaacha baadhi ya watoto na kifafa au matatizo ya lugha na kufikiri. Historia hiyo ieleze yote.

Halafu kuna umri wa darasani. Tafiti za nchi kadhaa zimegundua kwamba mtoto aliye mdogo kuliko wenzake wa darasa moja huambiwa ana ADHD mara nyingi zaidi. Wakati mwingine kosa lake ni kuzaliwa miezi kumi baada ya jirani yake wa dawati. Ukiwa na wasiwasi, uliza kituo cha tathmini ya elimu, kile wanachokiita EARC, kilichoko katika kaunti yako. Kazi yao ni kumpima mtoto na kuishauri skuli.

Umri unabadilisha jibu

Hapa ndipo wazazi wengi tunapochanganyikiwa. Jibu la mtoto wa miaka minne si jibu la mtoto wa miaka minane.

Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, wanasema mtoto wa miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 6 aanziwe na mafunzo ya wazazi. Dawa hufikiriwa pale tu mafunzo yasipoleta nafuu ya maana na tatizo bado ni kubwa. Kuanzia miaka 6, dawa na mafunzo huenda pamoja. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 ni mkali zaidi: mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe dawa mpaka daktari bingwa wa pili atoe maoni yake.

Sababu ipo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu waliopewa methilifenideti, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Iliwasaidia, lakini kwa kiasi kidogo kuliko inavyowasaidia wakubwa, na madhara yalikuwa mengi zaidi, hasa kulia ovyo na hasira. Kama mtoto 1 kati ya 10 aliachishwa kwa sababu ya madhara. Ukuaji wao nao ulipungua kasi.

Miezi minane bila dawa

Basi tukaanza na sisi wenyewe. Nilidhani "mafunzo ya wazazi" ni kuambiwa sijui kulea. Sivyo. Ni mbinu za kumlea mtoto ambaye breki zake zinachelewa kushika.

Tulifundishwa kutoa amri moja kwa wakati mmoja. Badala ya "vaa, piga mswaki, chukua mkoba," namsogelea, namshika bega, namwambia: "Vaa viatu." Akivaa, nampongeza papo hapo, si jioni. Ratiba ya asubuhi tuliichora kwa picha na kuibandika ukutani. Kosa dogo tunalipita kama hatukuliona. Kosa la hatari lina adhabu moja fupi inayojulikana. Na kofi likaisha. Nilidhani hilo litakuwa rahisi, kumbe ndilo lililonishinda kwa muda mrefu kuliko yote.

Skuli tuliomba akae mbele, mbali na dirisha, na apewe kazi za kutembea, kama kugawa madaftari. Mwalimu wake alikubali. Palipokuwa na fimbo, nilikumbusha kwa heshima kwamba sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inaikataza.

Nyumbani mambo yalipungua makali. Akaanza kulala mapema. Vita vya asubuhi vikapungua kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki. Lakini darasani aliendelea kubaki nyuma, na barabarani bado alikuwa anakimbia. Alipotimiza miaka sita akaniuliza, "Mama, mimi ni mbaya?" Watoto wenzake ndio waliomwambia.

Swali hilo ndilo lililofungua tena mazungumzo ya dawa.

Dawa inafanya nini

Methilifenideti huongeza kazi ya dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazosimamia umakini na kujizuia. Vidonge vya muda mfupi huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huisha nguvu baada ya saa kama nne. Vya muda mrefu huweza kumfikisha mtoto hadi jioni. Haiponyi. Siku asipokunywa, haipo mwilini. Kwa wazazi wengi hilo ni faraja, maana ukiona haifai unaacha, kwa kushauriana na daktari.

Watoto wa umri wa skuli wapatao 7 kati ya 10 hunufaika. Wengine hawanufaiki, au hufaa dawa nyingine kama atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo.

Baba watoto alihofia uraibu. Pwani yetu imezika vijana wengi kwa unga, na neno "dawa" lina kivuli chake. Ni kweli methilifenideti imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971, na haiuzwi bila cheti cha daktari. Lakini kwa kipimo cha daktari, tafiti hazijaonyesha kwamba watoto waliotibiwa huwa waraibu zaidi ya wenzao wasiotibiwa. Vidonge vyenyewe viweke mahali pa kufungwa, kwa ajili ya ndugu zake na wageni.

Madhara ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, kuchelewa kulala, kichwa au tumbo kuuma, na hasira dawa inapoisha. Mapigo ya moyo huweza kupanda kidogo. Kwa hiyo, kama kuna mtu katika ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana, au mtoto ana tatizo la moyo, sema mapema.

Tulivyoamua

Tulikubaliana majaribio ya wiki nne, si kiapo cha maisha. Kabla ya kuanza tuliandika mambo matatu tunayotaka yabadilike: amalize kazi ya darasani, asikimbilie barabarani, apate rafiki mmoja. Daktari alimpima uzito, urefu na mapigo ya moyo, akaanza na kipimo kidogo asubuhi.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuacha. Chakula cha mchana kilirudi kama kilivyokwenda. Ikifika saa kumi jioni analia bila sababu. Daktari akabadilisha saa za dawa. Mimi nikabadilisha chakula: anakula mahamri na mbaazi akashiba kabla ya kidonge, na usiku hamu ikirudi nampa chakula kamili hata kama ni saa mbili. Alikuwa amepungua nusu kilo. Aliirudisha.

Wiki ya tatu mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba amemaliza ukurasa mzima. Rafiki bado. Huyo alikuja baada ya miezi miwili, na nadhani mbinu zetu ndizo zilizomleta kuliko kidonge.

Sisemi dawa ni jibu la kila nyumba. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 1999 na uliohusisha watoto 579, ulionyesha kwamba dawa inayofuatiliwa vizuri hupunguza dalili kuliko mafunzo peke yake kwa miezi 14. Lakini watoto hao walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi zilikuwa zimepotea. Dawa hufungua mlango, mtoto bado anahitaji wa kumshika mkono kuupita.

Ukienda kwa daktari, uliza haya

Mmeondoa sababu gani nyingine? Tumejaribu mafunzo ya kutosha, au tunaruka hatua? Tunatarajia nini kibadilike, na kwa muda gani? Ni dalili ipi ikitokea niache na nipige simu mara moja? Uzito na urefu vitapimwa kila baada ya miezi mingapi? Na dawa hii inapatikana hapa Mombasa mwezi hadi mwezi? Mimi nilizunguka maduka matatu ya dawa kabla ya kuipata.

Daktari akikuandikia dawa ndani ya dakika kumi bila kuuliza habari za skuli, tafuta maoni ya pili. Jirani akikuambia umechukua njia ya mkato, muulize kama amewahi kukaa feri nzima na roho mkononi.

Juzi tulivuka tena Likoni. Alinishika mkono mwenyewe. Katikati ya maji akaniachia, akasimama palepale, akasema, "Mama, naangalia tu." Mwezi ujao tunarudi kwa daktari kupima kama bado anaihitaji.