Kifaranga Asiye na Mama

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo hatusimulii vita wala wafalme. Tunasimulia tumbo la kifaranga.

Mwaka 1971, huko Ufini, kaskazini mwa Ulaya, mashamba ya kuku wa nyama yalivamiwa na bakteria wa salmonela. Bakteria hawa hukaa katika utumbo wa kuku, na mara nyingi kuku haonyeshi dalili yoyote. Anayeugua ni mtu: anaharisha, anapata homa.

Watafiti wawili, Esko Nurmi na Marjatta Rantala, wakajiuliza: kuku mkubwa huweza kuhimili salmonela, mbona kifaranga wa siku moja hushikwa na bakteria wachache tu?

Jibu lilikuwa kwa mama. Vifaranga walioanguliwa na tetea huparua pamoja naye na kudonoa alipokunya. Hapo humeza bakteria wema wa mama yao. Kifaranga wa mashine hutoka kwenye yai katika chumba kisafi, mama hayupo. Utumbo wake ni kiwanja kitupu: anayefika kwanza ndiye anayejenga.

Nurmi na Rantala wakachukua vilivyomo katika utumbo wa majogoo wenye afya, wakawapa vifaranga, kisha wakawaingizia salmonela. Wengi hawakushikwa. Viwanja vilikuwa vimeshapata wenyewe. Mwaka 1973 walitangaza matokeo hayo katika jarida la Nature.

(Muziki mfupi)

Lakini uchafu wa utumbo unaweza kubeba pia magonjwa. Ndiyo maana wataalamu wakaanza kuwachagua bakteria mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mbegu. Bakteria hupewa mtihani. Je, atavuka asidi ya tumbo na nyongo akiwa hai? Atashika ukuta wa utumbo? Atamzuia salmonela? Na je, hana usugu wa dawa anaoweza kuwagawia wenzake? Wengi waliofaulu ni laktobasili, jamaa za wale wanaogandisha maziwa. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa aina 29 za bakteria kutoka utumbo wa kuku, wa kunyunyiziwa vifaranga.

Wakati huo wafugaji wengi duniani walikuwa wakitia antibiotiki katika chakula cha kuku ili wanenepe. Bakteria wakazoea dawa, na dawa hizo hizo zinahitajika kuwatibu watu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku desturi hiyo kuanzia mwaka 2006.

Historia hii inatuhusu sisi wenye kuku watano nyuma ya nyumba. Ukisagia vidonge vya binadamu katika maji ya vifaranga, unaua bakteria wabaya na wema pamoja, na kiwanja kinabaki wazi tena. Kesho mtoto wako akiugua, huenda dawa ile isimsaidie. Pia usichukue kinyesi cha kuku yeyote ukawalisha vifaranga. Wale watafiti walijua afya ya majogoo wao. Mwache tetea alee wanawe, safisha chombo cha maji kila siku, nawa mikono kwa sabuni ukitoka bandani. Wakiugua, muite mhudumu wa mifugo kabla ya kununua dawa.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.

(Muziki unapanda)